Swila Hakupigwa

Juma lililopita nilifuatana na wageni wawili, mtu na mkewe kutoka bara, kutembea msituni huku kaskazini mwa Pemba. Ghafla swila akainuka mbele yetu, shingo kaitanua. Mume akanyanyua simu ampige picha.

"Shusha mkono, kaka, polepole," alisema mwanamama aliyekuwa akitutembeza. "Huyu hutema sumu machoni. Tazameni chini, turudi nyuma taratibu. Anatutisha tu ili tumpishe."

Tukarudi. Swila akashusha kichwa, akajipenyeza majanini. Mke akashusha pumzi.

"Mbona hukumpiga?" mume akauliza.

"Kwa kosa gani? Sisi ndio tulioingia kwake bila hodi."

Tukacheka sote. Mimi, mwenyeji, nilikuwa bado nimeng'ang'ania baibui la kiongozi wetu kwa mikono miwili.