Nilitafuta jiko jepesi la kuni la kubeba porini, mama mmoja wa Narung'ombe akaniuliza swali moja tu

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Humu ndani mimi ni msomaji kuliko mwandishi, lakini hili limenikaa kichwani wiki ya tatu sasa. Nitalisimulia kama lilivyokuwa, na pale nilipojiaibisha sitaparuka.

Nipo Nachingwea, kazi yangu ni kutengeneza simu. Ugonjwa wangu ni kutembea. Siku mbili, siku tatu, begi mgongoni, hema, nalala porini, narudi. Najua mtasema bodaboda zimejaa, kwa nini mtu mzima ajitese. Mama yangu mzazi anauliza hivyo hivyo, na jirani mmoja aliwahi kuniuliza kwa upole kabisa kama mke wangu kanifukuza.

Mwaka huu nikapata wazo. Kuna njia nzuri sana upande wa Ruangwa, ya siku mbili kwa miguu kuzunguka maeneo ya Narung'ombe. Vilima, mashamba ya mikorosho, upepo mzuri. Nikawaalika watu wanne tuliofahamiana mtandaoni, wapenda hiking kama mimi, waje tuitembee pamoja.

Shida ya njia ile ni maji. Kiangazi kikikolea, kuna kisima kimoja tu cha kuaminika katikati, na kiko ndani ya shamba la mikorosho la mama mmoja. Nitamwita Mama Zuhura. Asipokubali tulale pale, hakuna safari. Hilo mliweke akilini.

Sasa turudi kwenye jiko.

Ukitembea na begi, kila kitu unakihesabu kwa gramu. Vile vichupa vidogo vya gesi vya camping huku kwetu sijawahi kuviona dukani. Mtungi wa gesi wa kawaida, hata ule mdogo, ukiubeba kilima kimoja utautupa. Jiko la mkaa linakutaka ubebe na mkaa, na mkaa unachafua hadi mswaki.

Kwa hiyo nikasema kuni. Porini vijiti havikosekani, hubebi kitu, unaokota unapofika.

Nikaanza kutazama video. Wakuu, niliingia huko Ijumaa baada ya swala nikatoka Jumapili. Kuna watu duniani wanapima jiko kama wanapima dhahabu! Mmoja alichemsha maji kwenye majiko tisa tofauti kwa saa ya kuhesabia sekunde. Nikampenda bure.

Mwisho nikaagiza jiko la kukunja kutoka Dar, likaja kwa basi. Vibati vitano vya chuma, unavipachika vinakuwa kasanduku, ukimaliza unavilaza vinakuwa bapa kama daftari. Chini lina sakafu yenye matundu ya kupitisha hewa, na vijiguu vinne vifupi.

Nililipeleka duka la jirani tukalipima kwenye mizani ya sukari. Gramu mia nne na kitu. Mwenye duka akaniuliza ni kipuri cha nini.

Nikaanza majaribio. Nyumbani kwangu uani, nusu lita ya maji ilichemka kwa dakika nane. Nikaenda kwa mjomba wangu Mkotokuyana, nikachemsha uani kwake, dakika nane tena. Nikajaribu magunzi, nikajaribu vijiti vya mbaazi vilivyokauka. Vya mbaazi ndiyo mfalme, wakuu. Ukivikata urefu wa kidole vinawaka vizuri na moshi wake ni mdogo.

Nikaandika kila kitu kwenye daftari. Niliamini kabisa kwamba hapa Lindi nzima hakuna anayejua majiko kunizidi.

Julai tukaenda kuikagua njia, mimi na rafiki yangu Hamisi, mwalimu wa sekondari. Tulifika shambani kwa Mama Zuhura saa kumi jioni. Tukampigia hodi, tukampa shikamoo, tukaeleza shida yetu. Ni mama wa makamo, mwembamba, alikuwa anapalilia. Mikorosho yake ilikuwa imeanza kutoa maua.

"Kulala laleni," alisema. "Maji tekeni. Moto hapana."

Nikafurahi, maana hilo swali nilikuwa nalisubiri. Nikatoa jiko langu, nikalipachika mbele yake kwa madaha, nikaanza kutoa semina. Mama, hili siyo mafiga. Moto uko ndani ya chuma. Hauwezi kuruka. Linatumia vijiti vichache tu. Nadhani nilimtajia hadi gramu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akalichukua, akaligeuza chini juu.

"Na makaa yake yanakwenda wapi?"

Nikatazama yale matundu. Nikamwambia, yanadondoka kidogo chini, mama, lakini ni madogo.

Akanirudishia. Aliinama akakusanya majani makavu ya mkorosho, mikono miwili imejaa, akayamwaga mbele ya miguu yangu.

"Liweke juu ya hayo. Chemsha."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nikabaki nimesimama na jiko mkononi. Hamisi akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Pale ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Majaribio yangu yote, kwangu na kwa mjomba, nilifanya kwenye uwanja uliofagiwa. Sisi huku uwanja unafagiliwa kila asubuhi, mchanga mtupu, hata jani moja utalitafuta. Kila mara makaa yalidondoka, nikayaona, nikayakanyaga, nikaendelea kuhesabu dakika. Daftari zima halina sehemu hata moja inayosema kitu kuhusu makaa. Na chini ya mikorosho, kiangazi, unatembea juu ya majani makavu hadi kwenye kifundo cha mguu.

"Unaogopa nini?" akaniuliza. "Si umesema hauruki?"

Nikalikunja. Niliona aibu, siwafichi.

Tulikula mkate na karanga, tukashushia maji ya kisima. Hamisi alitafuna kwa sauti kubwa kuliko lazima.

Asubuhi, wakati tunafunga hema, Mama Zuhura alitupeleka mwisho wa shamba. Kulikuwa na mistari miwili ya mikorosho iliyoungua, imechipua upande mmoja, upande wa pili magogo meusi. Warina asali walipita, wakapika, wakaacha mafiga wakidhani yamezima. Upepo ukafanya kazi yake. Ile mikorosho aliipanda yeye na marehemu mumewe.

"Mkorosho ukiungua haufi wote," alisema. "Unabaki hivyo, unakuangalia."

Nikamuomba kitu kimoja. Nikija na jiko lisilodondosha hata punje, utanipa jaribio lile lile? Akasema majani yapo mengi.

Nilirudi nikaenda moja kwa moja kwa fundi wa majiko ninayemfahamu, yuko Chiola. Nilimweleza, akakuna kidevu, akaniambia nimletee makopo mawili, moja liingie ndani ya jingine. Nikampelekea kopo la maziwa ya unga na kopo la rangi. La rangi tulilichoma kwanza hadi rangi yote ikaisha.

La kwanza lilitoka jiko la kufukuzia mbu. Moshi, moshi, moshi. Fundi alisahau matundu ya juu ya kopo la ndani, na hayo ndiyo yenye siri: hewa inapanda katikati ya makopo mawili, inapata moto, inatokea juu na kuuchoma moshi kabla haujatoka. Tulipotoboa, moto ukabadilika mbele ya macho yetu. Ukawa unazunguka mdomoni mwa kopo, safi. Fundi mwenyewe aliacha kazi ya mteja tukakaa tunautazama.

Makaa yanadondoka kwenye kitako cha kopo la nje, ambacho hakina tundu hata moja. Matundu ya kuingizia hewa yako ubavuni, juu ya kitako. Tukaongeza miguu mitatu ya nondo nyembamba, na sahani ya bati chini ili joto lisishuke. Kopo la rangi lilikuja na mfuniko wake, huo ndio wa kuzimia moto.

Mizani ya sukari ikasema karibu kilo nzima. Yule bwana wa video angelia.

Agosti nikarudi peke yangu. Safari hii majani alichagua yeye, na alichagua yale yanayovunjika ukiyatazama. Nikaweka jiko juu, nikajaza vijiti vya mbaazi, nikawasha. Alichuchumaa pembeni, jembe magotini. Nami nilichuchumaa. Maji yalichemka, sikumbuki dakika ngapi, kwa mara ya kwanza sikutazama saa.

"Zima nione."

Nikafunika. Tukasubiri. Nikamimina maji kidogo ndani kuua makaa, nikanyanyua jiko kwa kitambaa. Majani yalikuwa yamejikunja kidogo, rangi yake ile ile. Akayaokota, akayafikicha, akayanusa. Akaingia kwenye kibanda chake cha shambani.

Nilidhani ameenda kuendelea na shughuli zake. Akatoka na sufuria ndogo yenye ming'oko mibichi ndani, ile mizizi ya porini tunayoichemsha huku kusini kama viazi, aliichimba asubuhi.

"Washa tena."

Nikawasha. Wakati nalisha vijiti, nikamuuliza kwa utani kama chai yake hapa shambani huwa anachemsha kwa jua. Akanijibu kawaida tu, kama mtu anayekwambia saa. Tangu mikorosho ile iungue, hajawahi kuwasha moto kwenye shamba hili, kuanzia palizi hadi mavuno. Hii ni miaka sita. Ugali anaubeba umepoa kutoka kijijini, anakula umepoa.

Hata chai?

"Hata chai. Niukatae moto wa wageni, wangu niuwashe?"

Wakuu, na mimi nilinung'unika kwa usiku mmoja tu wa mkate na karanga. Nikaendelea kukata vijiti.

Ming'oko inachukua muda, nilijaza lile kopo mara nne. Ilipoiva akaimwaga kwenye sahani, akanyunyiza chumvi, akachukua mmoja, akaurusha mkono huu mkono ule, akapuliza vidole, akala. Akala wa pili. Akanisogezea sahani.

Tulipomaliza nikamuuliza, basi mama, wageni wangu nije nao?

"Njoo nao," akasema. Halafu akaweka mkono juu ya jiko, lilikuwa bado na uvuguvugu. "Ila hili haliondoki."

Nikamwachia. Nilitoka Narung'ombe na begi jepesi kuliko yote niliyowahi kubeba.

Fundi ananitengenezea jingine, na wageni wanakuja mwezi ujao.

Somo langu ni dogo. Ukichagua jiko la kuni la kubeba, gramu na dakika ziache ziwe za pili. Kwanza lijaribu juu ya kile utakachokanyaga huko uendako, siyo uani kwako. Na ukipita shamba la mtu, yeye ndiye aliyeujua moto kwanza kwa hasara yake, muulize.

Waliowahi kutumia jiko la makopo mawili, naomba mnisaidie: kopo la ndani linadumu muda gani kabla halijatoboka? Na kama kuna mtu anajua namna ya kulipunguza uzito bila kugusa kile kitako, karibu hapa chini. Hata wa kunicheka karibuni, Hamisi ameshaanza.