Vidole Visivyojua Moto

Mwezi uliopita nilishuka Kasulo kununua mahindi ya kuchoma, na yule mama muuzaji alipogeuza hindi kwenye makaa akaungua. Akaguta, akapeleka kidole mdomoni, watu wakamcheka. Mimi, utanishangaa, nilifurahi. Nilifurahi kabisa kwamba kidole chake kimeuma, halafu nikaona aibu, nikalipa na kuondoka hata hindi langu halijaiva.

Nilikulia huko huko, kwa bibi mzaa mama, miaka ile ya wakimbizi. Kama hukuwepo, sijui nikueleze vipi. Tulikuwa wakulima wachache na migomba yetu, mara vilima vya ng'ambo vikawa maturubai matupu, malori yananguruma kutwa, moshi wa kuni mbichi unaingia hadi kwenye matandiko. Mahindi ya njano ya mgawo yakawa kwenye kila sufuria, na sisi watoto tuliyapenda kuliko ya kwetu. Ndipo akaja mama mmoja kutoka kambini kuomba kibarua cha kulima. Kihangaza chetu na lugha yake vinasikilizana, bibi akampenda, na kabla maharage hayajakomaa akawa analala kwetu. Tukamwita Mama Mgeni.

Mama Mgeni hakuogopa moto. Sufuria ya maharage aliiepua kwa mikono mitupu. Viazi vitamu alivifukua kwenye majivu kwa vidole na kutugawia, sisi tukivirusharusha na kupuliza. Tulimsifu hadi tukachoka, na bibi naye akitamba kwa majirani kwamba mgeni wake ana mikono ya kazi. Jioni, rubisi ikiwa imeiva, watu wazima walizunguka kibuyu kimoja cha pombe hiyo ya ndizi, mrija ukapita kinywa kwa kinywa, na yeye alikaa kulia kwa bibi. Alikuwa amepoteza watu wake wote. Pale kwenye kibuyu ndipo palipobaki kuwa kwao, na hata mimi mtoto nililiona hilo.

Kisha mwalimu wetu wa sayansi akafika kwenye mfumo wa fahamu. Picha hakuwa nayo, akaning'iniza kamba ya katani ubaoni. Juu akafunga kibuyu, huo ubongo. Kamba ndiyo ugwe mgongo, unaopita ndani ya uti wa mgongo, na nyuzi alizozichambua pembeni ndizo neva, zinazofika hadi ncha za vidole. Ukigusa moto, alisema, habari inakimbia kwenye neva hadi kwenye ugwe mgongo, na amri ya kuutoa mkono inarudi hapo hapo, kabla hata ubongo haujajua kuwa umeungua. Akatufumbisha macho tukachomana miiba vidoleni, tukibahatisha ni mwiba mmoja au miwili. Tulicheka sana siku ile. Neva ikifa, akasema huku akikata uzi mmoja, hairudi.

Nilikwenda nyumbani na mwiba wangu. Mama Mgeni alikuwa anamenya ndizi. Nikambembeleza afumbe macho, akanyoosha mkono huku anacheka. Nikachoma. Nikachoma tena, kwa nguvu.

"Haya basi, anza," akasema, macho kafumba.

Damu ilikuwa imeshatoka. Alipofumbua macho akaiona, akauficha mkono ndani ya kitenge, lakini nilishaona madonda ya kuungua kwenye kiganja, mabichi na ya zamani, mengine bila shaka ya viazi vyetu. Akanisihi nisimwambie bibi. Sikumwambia bibi. Nilimwambia mwalimu.

Ungefanya nini wewe? Mwalimu alinisifu, na tabibu wa zahanati akaja na vidonge na maneno mazuri: ni ukoma, unatibika, na akishaanza dawa hamwambukizi mtu. Bibi alisikiliza yote akiitikia kwa kichwa. Jioni ile akamletea Mama Mgeni kibuyu kidogo chenye mrija wake.

"Hiki ni chako, mama, unywe kwa nafasi," alimwambia, kwa upole kabisa.

Hakuna aliyemfukuza, jamani. Hakuna aliyetamka neno baya. Alikunywa kidogo, akashukuru, na asubuhi akakunja mkeka wake akarudi kambini.

Nilimwona mara moja tu baadaye, sokoni, wakimbizi wale walipokuwa karibu kurudishwa kwao. Nikamwamkia shikamoo nikitazama chini. Akaitikia marahaba, akanionyesha viganja, vidonda vimefunga.

"Vidole vyangu vipo, mwanangu. Ni wewe uliyeviokoa," akasema.

Halafu akauliza kama jioni bado wanakaa pale uani. Nikasema hapana, bibi ameacha kutengeneza rubisi. Na mkononi nilikuwa na mtama alionituma bibi, mtama wa kuichachushia. Mama Mgeni mwenyewe ndiye aliyekuwa akiusaga alipokuwa kwetu. Akautazama, akanitazama mimi, akasema nimsalimie bibi.

Bibi alishatangulia. Migomba ya rubisi imebaki michache, na kibuyu cha pamoja hukioni tena. Watu wanakaa bega kwa bega, kila mmoja na glasi yake. Wanasema ndiyo usafi, na sibishi. Najua pia nilifanya la haki, tena ningelifanya tena leo, lakini rohoni sijapona. Siku hizi Mama Mgeni angepewa glasi yake kama sisi sote, na angebaki.