Mpakani mwa Mistari Yetu

Darasa la tano mwalimu alitufundisha neno la Kiingereza lenye maana ya uchafu kwa kushika kola ya shati langu na kuwaonyesha wenzangu. Walicheka. Nikadhani basi, nimelielewa.

Sikuwa nimelielewa. Katika shamba la mbegu ninakofanya kibarua, upande wa Chanzuru, mpunga unaweza kupaliliwa usibaki hata unyasi, na shamba bado likaitwa chafu. Ikionekana aina nyingine katikati ya ile iliyopandwa, hata mashina mawili matatu, mkaguzi anakataa mbegu yote, inakobolewa ikaliwe. Kazi yetu ni kupita mstari kwa mstari tukiwang'oa hao wageni.

Msimu uliopita nilipita sambamba na jirani yangu, mama mtu mzima, macho yameanza kufifia. Kibarua kile ndicho kilichokuwa kinamlisha yeye na dada yake mgonjwa.

"Mwanangu, nikiruka shina nishtue," aliniambia. "Ila taratibu, nisije nikaangukia mpunga wa watu."

Nilimshtua mara nyingi. Sijui kama zilitosha.

Mkaguzi alikuta mashina matatu, marefu kuliko mengine, palepale mstari wangu unapopakana na wake. Msimamizi wetu, kijana, akaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Mama, hapa pachafu. Kapita nani?"

Mama akanitazama mimi. Nikasema, "Ni mpakani. Yanaweza kuwa yangu."

Nilisema yanaweza. Sikusema ni yangu, maana sikuwa na hakika, na niliona si haki kusema nisichokijua. Msimamizi simlaumu. Naye ana wakubwa zake, na habari ya macho ya mama kila mtu alikuwa nayo.

"Mama, kesho upumzike."

"Kesho tu?"

Msimamizi akageuka, akamfuata mkaguzi.

Njiani mama alijifuta matope ya mikono kwenye khanga. "Kumbe mchafu ni mimi," alisema, akacheka kidogo. Nilishindwa kucheka naye.

Msimu huu nimeitwa tena, yeye hakuitwa. Asubuhi napita mlangoni kwake, namwamkia, ananiitikia marahaba kama zamani, haongezi neno. Shambani shina refu naliona tangu mbali, hata nisipolitafuta. Ndipo najiuliza siku ile nilikuwa natazama wapi.