Msusi wa Buguruni na igizo lililokatwa mwisho

Ni Jumamosi asubuhi, na kichwa cha Jesca kimesukwa nusu. Upande wa kushoto rasta zimeshuka hadi begani. Upande wa kulia nywele zimesimama kama zimetishwa. Nyuma yake Apolonia, msusi wa Buguruni, ameshusha mikono. Hasuki tena.

"Rudia ulichosema," anamwambia.

"Kamati imekata lile onyesho la mwisho," Jesca anajibu, akimtazama kupitia kioo. "Ni kicheni pati, dada. Watu wanataka kucheka."

Jesca ni mwenyekiti wa kamati ya kicheni pati ya Herieth, binti wa jirani yake huko Ukonga. Shughuli hiyo ya wanawake kumfunda bibi harusi ni leo hii mchana. Igizo litakalochezwa alilipendekeza Apolonia.

Kusambaza maigizo ndiyo kazi yake ya pili, isiyo na malipo. Kusuka kichwa kimoja ni shilingi elfu ishirini na tano, na mteja hukaa kitini saa nne au zaidi. Katika saa hizo Apolonia humsimulia maigizo mafupi mapya ya waandishi vijana wa jijini, wanaomtumia kazi zao kwenye simu.

"Kichwa chake ninacho mie," anasema. "Atakimbilia wapi?"

Wanaotaka kucheka huwapa la Venance wa Temeke, kuhusu mawifi wawili wanaogombania jiko la gesi huku pilau ikiungua. Lakini analolipigania, na ndilo la leo, ni Hodi ya Binti, la Khulud, binti wa muuza duka wa Kawe. Binti aliyepigwa na mumewe anarudi kwao, anagonga. Mama anasimama nyuma ya mlango akiwaza watu watasemaje. Kisha anafungua.

"Khulud hajaweka hotuba," anaeleza Apolonia. "Mama anasema tu, 'Ingia, kuna chai.' Ndiyo maana linauma."

Kamati imeweka mwisho wake: mama anamrudisha binti akavumilie, vigelegele vinapigwa.

Mwisho wa namna hiyo Apolonia aliwahi kuuona, kwenye kicheni pati ya mdogo wake, Demetria. Ukumbi mzima ulicheka. Mwaka uliofuata Demetria alirudi kwao na begi, shavu limevimba. Shangazi yao akamrudisha kwa mumewe kwa maneno yale yale ya igizo, tena kwa utani. Hakuja tena akiwa hai. Walimzika Masasi, na mumewe alikaa mstari wa mbele akipokea pole.

"Wananiambia ni mchezo tu," anasema. "Mie mchezo huo nimeufukia kwa mikono yangu."

Kwenye kiti, Jesca anajishika upande usiosukwa. "Kwa hiyo niende ukumbini hivi?"

"Nitakumalizia. Ila anayecheza mama ni wewe, kwa hiyo nijibu. Herieth akija kwako amepigwa, utamfungulia?"

"Maswali gani hayo? Nitamfungulia! Mtoto nimemwona anazaliwa."

"Basi mbona ukumbini unamfungia?"

Jesca anachukua simu, anampigia mwenzake wa kamati. "Shoga, ile sehemu ya mwisho irudi kama ilivyokuwa. Ndiyo, yote. Watakaonuna wanune."

Apolonia anashika kitana.

Mchana, ukumbini Ukonga, Jesca anafungua mlango wa kuigiza na kumwambia binti aingie, kuna chai. Hakuna kigelegele. Mwanamke mmoja wa makamo anasimama na kufoka, "Nyie mmekuja kuozesha au kuachanisha?"

"Tumekuja na mtoto wetu, mama," Jesca anajibu, nje kabisa ya maneno ya igizo. "Na tunamtaka mzima."

Herieth analia chini ya mtandio. Mama yake anavuta kiti, anakaa ubavuni pake.

Apolonia, aliyeketi nyuma, hapigi makofi. Anasema hasira yake haiwezi kuishia kwenye ukumbi mmoja. Amemwomba Khulud aandike igizo jingine fupi, safari hii la wanaume, lichezwe kwenye vikao vya bwana harusi, na anataka Nurdin, kinyozi wa mlango wa pili, awasimulie wateja wake.

Nurdin alicheka aliposikia. "Dada Polo, wanaume hawafundwi bwana!"

"Ndiyo hilo," Apolonia akamjibu. "Anayepigwa mnamfunda kutwa nzima, mnamletea na MC. Anayepiga mnamnunulia suti."