Mgongo wa Mutuzo

Nilipokuwa mtoto kule Gatsata, nyumba isiyo na kondoo ilihesabiwa kuwa imeifungulia radi mlango. Bibi yangu aliyaamini hayo kuliko wote. Kondoo wetu jike aliitwa Mutuzo, na sheria yake ilikuwa moja: usimguse mgongo. Ukimpapasa umemhesabia mifupa. Atakufa, na radi itaingia.

Basi tulimpima kwa macho. Na macho, mbele ya manyoya, ni vipofu.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu, majani yakaisha, manyoya yakazidi kufura. Bibi aliwatambia majirani: "Mwoneni huyu! Wenu wanatembea kama vikapu vitupu."

Siku moja Mutuzo aliteleza mtaroni. Nikamdaka mgongoni nimvute. Vidole vilizama kwenye manyoya, vikakuta meno ya msumeno.

"Bibi, Mutuzo amekonda. Iko mifupa tu. Tumpe maganda ya viazi."

"Umejuaje?"

Kofi lilifika kabla ya jibu. "Umemhesabia! Umetuua, mtoto weye!"

Maganda hakupewa. Mnyama aliyenona hivyo, alisema bibi, kumwongezea ni ulafi. Mvua ya kwanza ikamkuta Mutuzo amelala, hakuinuka tena.

Bibi hakulia. Aliuinua mkono wangu mbele ya watu: "Ni huu." Tangu hapo, mawingu yakitanda, waliniketisha peke yangu mlangoni, ili radi ikija ianze na mimi. Haikuja. Hakuna aliyeniita nirudi ndani.

Leo naishi Kagarama kwa binti yangu. Mjukuu wangu Keza anafuga kondoo uani, wa kumpenda tu, anamlisha chapati.

"Bibi, si amependeza? Mviringo!"

"Macho yako yaweke mfukoni. Lete mkono."

Tukapapasa uti wa mgongo, hatukuupata, mafuta matupu. Nikamwambia mfupa usikike chini ya nyama, kama goti chini ya blanketi. Ukichoma, ana njaa. Ukipotea, unamuua kwa mapenzi.

"Chapati sasa basi. Majani, na atembee."

Binti yangu akapiga kelele jikoni: "Mama! Usimshike mgongo, mvua iko karibu!"

Sijui nani alimfundisha. Labda mimi, bila kufungua mdomo.

Sikuutoa mkono. Katika nyumba ile ya Gatsata ni huu peke yake uliosema kweli, nao ndio ulioadhibiwa. Najua hivyo vizuri kabisa. Lakini ngurumo ikipiga, miguu yangu huinuka yenyewe, ikaenda kunikalisha mlangoni.