Mwanamke Asiyejulikana wa Marungu

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, mbali na nyumbani, mhadhiri wetu wa nadharia ya picha alipomweka mama yangu ukutani.

Alizima taa, akawasha projekta. Mwanamke ameketi kizingitini, shavu kiganjani, sufuria tupu mbele ya miguu yake. Niliutambua mlango kwanza, ule wa buluu wenye kiraka cha bati. Halafu ndiyo nikamwona mama. Chini pameandikwa: Mwanamke asiyejulikana, Taita Taveta. Njaa.

"Tazameni macho," mhadhiri alisema. "Huyu hana nguvu hata ya kuichukia kamera." Alikuwa ameipiga picha hiyo mwenyewe na kuichapisha kitabuni, na kwa saa nzima alitufafanulia uso wa mama yangu. Wenzangu waliandika. Mimi pia niliandika, kila neno, kwa sababu sikutaka kusahau hata moja.

Jioni nilimpigia mama simu, nikamweleza picha ilivyo.

"Si yule wa koti la mifuko mingi?" akacheka. "Alipita hapa siku ya harusi ya shangazi yako. Nilikuwa nimepika pilau tangu alfajiri, wageni wakamaliza hadi ukoko. Nikakaa mlangoni nipumzishe mgongo. Yeye mwenyewe alikula sahani mbili!"

"Ameandika una njaa, mama."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya darasa. Na kitabuni."

"Mlete," akasema.

Kumleta hakukuwa kazi. Kila muhula tulikuwa na safari ya mafunzo, nami nikapendekeza kwetu. Mhadhiri alifurahi kweli. Alisema Marungu anaijua, kwamba watu wa huko wana nyuso zinazosema. Nilitabasamu nikamwambia kwamba mama yangu atatupikia.

Tulifika Voi asubuhi, tukaendelea kwa basi la chuo hadi Marungu. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya. Alimkaribisha mhadhiri kwa mikono miwili, akamwekea kimanga cha mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, na kuku wa kienyeji, akamwongeza, akamwongeza tena. Yeye alikula akisifu. Hakumkumbuka. Nilikuwa nimeogopa angemkumbuka mapema na kutuharibia, lakini mtu aliyeeleza macho yale kwa saa nzima alimtazama mwenye macho hayo ana kwa ana akaomba pilipili.

Aliposhiba akachukua kamera yake.

"Ngoja, daktari," mama akamwambia. "Leo tuanze na wewe. Kaa hapo mlangoni."

Akacheka, akakaa. Wanafunzi nao wakacheka. Mama akaleta sufuria tupu, akaiweka mbele ya viatu vyake.

"Shika shavu. Tazama chini kidogo. Hivyo hivyo."

Nikapiga picha. Rafiki yangu, aliyeketi nami darasani, alikuwa wa kwanza kuacha kucheka. Aliutazama mlango, akamtazama mama, akaniangalia mimi. "Ni yeye," akanong'ona.

"Sasa umenikumbuka?" mama akamuuliza mhadhiri.

Uso ulimshuka. Akasimama akijipangusa suruali. "Mama, ile ni sanaa. Haikukuhusu wewe binafsi."

"Basi na hii haikuhusu wewe. Nilikulisha siku ile kama nilivyokulisha leo. Ukaenda kuniuza kwa watu kama maskini wa Mungu."

Mama aliokota sufuria yake akaingia ndani kuiosha. Kwenye basi mhadhiri alikaa mbele kabisa, na sikumwonea huruma hata chembe.

Mwisho wa muhula tulikuwa na maonyesho. Niliichapisha ile picha ya mhadhiri, kubwa kuliko zote ukumbini, chini nikaandika: Mwanamume asiyejulikana, Marungu. Njaa. Mkuu wa idara alisimama mbele yake muda mrefu, mdomo umebanwa, akiogopa kucheka.

Mhadhiri alinivuta pembeni. "Iondoe. Utaniharibia jina."

"Jina gani, daktari? Hujulikani."

Sikuiondoa. Alama alizonipa zilikuwa za chini, nikazipokea bila kukata rufaa. Picha ya mama hakuionyesha tena darasani, ingawa vitabu vilivyokwisha kuuzwa haviwezi kurudishwa, na hilo huniuma mpaka leo.

Kabla sijahitimu aliniita ofisini. Alionekana amechoka, amezeeka. Alisema amefikiri sana, angependa kuzungumza na mama amwombe msamaha kwa sauti yake mwenyewe. Akanisogezea kalamu na kipande cha karatasi niandike namba ya simu.

Nilimwambia kwamba mama ana kazi nyingi shambani. Nikairudisha kalamu mezani, nikamtakia siku njema, nikatoka.