Siku Pacha Wangu Alipochagua Fizikia

Niliapa mbele ya mama kwamba siku nitakayolazimishwa kuacha fizikia, na shule nitaacha. Mama alikuwa anapeta mchele. Hakuinua hata uso. Mimi ni mtu wa kuapa, na wa nyumbani walishanizoea. Nikiapa asubuhi, mchana nimeshasahau. Lakini hilo nilikuwa nalimaanisha.

Shuleni kwetu, shule ya kata ya kutwa, si mbali sana na nyumba yetu ya Shanwe huku Katavi, mwanafunzi akivuka kidato cha pili alikuwa anachagua. Ama anaendelea na fizikia na kemia na kuitwa mtu wa sayansi, ama anaziacha zote mbili na kubaki na historia, jiografia, lugha na mengineyo, akaitwa mtu wa sanaa. Hisabati na baiolojia hazikuwa za kukimbia, hizo zilikuwa za wote. Mimi nilitaka utabibu. Nilipokuwa darasa la sita jembe lilinichana mguu shambani, na tabibu wa zahanati, mama mmoja mnene mwenye sauti ya ukali, alinishona huku akinieleza kila anachofanya, kana kwamba mimi ni mwanafunzi wake. Niliondoka pale nachechemea na nimeshajua nitakuwa nani. Na chuo cha afya bila fizikia na kemia hawakupokei.

Shida yangu ilikuwa moja, nayo nilizaliwa nayo. Nina dada pacha. Yeye alitangulia kutoka, akanizidi muda wa kuchemsha chai tu, na kwa chai hiyo amenitawala mpaka leo. Akisoma hapa atabisha. Fizikia ilikuwa inamlaza usingizi mchana kweupe. Alichokuwa anakipenda ni kubishana: historia, uraia, midahalo, kesi za watu. Alitaka sheria, na wote tuliomsikia akigombania zamu ya kuosha vyombo tulikubali kwamba sheria inamfaa.

Sasa, sisi ni Wasukuma, na kwetu mapacha ni watu wa kuangaliwa. Kikipewa kimoja, kinapewa na kingine. Gauni jipya lilikuwa mawili au halikuwepo. Mmoja akichapwa, na mwenzake anachapwa, hata kama alikuwa amelala. Familia nyingi zimeshalegeza mambo hayo, hasa za mjini, lakini baba yetu hakulegeza hata uzi mmoja. Muda mwingi alikuwa na ng'ombe wake huko njia ya kuelekea Mwese, anashuka nyumbani kwa bodaboda mara mojamoja, na kila aliposhuka swali lake la kwanza lilikuwa kama tulikula pamoja. Majirani walikuwa wanatucheka. Watani wetu walisema baba angeweza, angetuvalisha kiatu kimoja.

Kwa hiyo habari ya kuchagua masomo ilipomfikia, aliimaliza kabla haijaanza. Alisema hajui fizikia ni nini wala historia ni nini, tupange wenyewe, ila tutachukua kitu kimoja na kukaa darasa moja. Nilijaribu kumweleza. Akanikata. "Nyie mmelala tumbo moja," alisema. "Darasa moja litawashinda?"

Likizo yote ya Desemba tuligombana. Tulipalilia mahindi kila mtu na mstari wake, mbali na mwenzake, tukirushiana maneno juu ya vichwa vya wadogo zetu. Hoja yake ilikuwa kwamba mimi nikiingia historia nitafaulu tu, maana nina kichwa cha kukariri, lakini yeye akiingia fizikia anaenda kuzikwa. Hoja yangu ilikuwa kwamba mwanasheria hata akichelewa hakuna anayekufa. Nilimwita mbinafsi. Aliniita mimi jina ambalo siliandiki. Mama alipochoka alisema tukiendelea atatuchagulia yeye, na atachagua ususi.

Matokeo yalipotoka Januari, wote tulivuka. Lakini niliona alama yake ya fizikia. Sikutegemea kwamba ingenigusa. Ilikuwa alama ya mtu aliyeandika jina lake vizuri na kuishia hapo, na huyo alikuwa amesoma kwa bidii, nilimwona kwa macho yangu, na kitabu juu ya magoti mpaka anasinzia. Nilielewa kwamba nikimvuta nitamzamisha. Kidato cha nne angepata sifuri yake, na mimi ningekuwa na cheti changu kizuri na pacha asiye na kitu. Sikumwambia. Ningemwambiaje, baada ya yale yote niliyokuwa nimesema kwenye mahindi?

Siku ya kuchagua mvua ilikuwa inanyesha, na tulipanga foleni barazani, viatu vimejaa tope. Mwalimu wa taaluma, tuliyemwita madam kama wanafunzi wote wanavyowaita walimu wa kike, alikuwa anaita mmoja mmoja ofisini, unataja, anakuandika, unatokea mlango wa pili. Alikuwa ametuonya asubuhi kwamba mwalimu wa fizikia ni mmoja na viti vya maabara havitoshi, kwa hiyo ukishataja umetaja. Niliitwa mimi kwanza. Aliniuliza, nikasema sanaa. Kalamu ikasimama. Aliniuliza tena, nikasema sanaa, madam, na sauti ikanikatika kidogo, nikajifanya nakohoa. Nilitoka mlango wa pili nikasimama chini ya bati, nimeuma meno. Nilijisikia mtu mwema sana na mwenye hasira sana kwa wakati mmoja.

Pacha wangu akaingia. Nilisubiri. Nilitegemea atoke anacheka, aniambie kumbe nina moyo. Alitoka amenuna, macho mekundu, akaja moja kwa moja akasimama mbele yangu.

"Haya, nimechukua sayansi," alisema. "Umefurahi?"

Nakumbuka maji yalikuwa yananidondokea shingoni kutoka kwenye bati na sikusogea. Nilimtazama kama mtu aliyeamshwa usiku na kuambiwa nyumba imehama. Nikamwambia mimi nimechukua sanaa, na yeye akapigwa na butwaa, mdomo wazi, mpaka nikaona mandazi ya asubuhi kwenye meno yake. Kisha akaanza kunipiga. Alinipiga makofi ya mgongoni, analia, anauliza nani kaniambia nimsaidie. Nilimuuliza na yeye nani kamwambia. Alisema aliona nikikosa utabibu nitawaonyesha sura yangu ile mpaka uzeeni, na yeye ndiye atakayekuwa anaitazama.

Ndipo madam akatokea mlangoni. Alitutazama, akatuita ndani, akafunga mlango. Tulidhani anatuchapa. Alisema kubadilisha anaweza, maana tunabadilishana nafasi sisi kwa sisi, ni jambo la kalamu tu, kila mmoja akaandikwa anapotaka. Lakini kututenganisha madarasa hawezi bila baba yetu, kwa sababu baba alikuja hapo ofisini mwezi wa kumi na moja.

Hatukujua. Baba yetu, ambaye shuleni hakuwahi kukanyaga hata kwenye kikao cha wazazi, alikuwa ametoka kwa ng'ombe, akaja peke yake, akasimama mbele ya meza ile na fimbo yake, akamwomba mwalimu asitutenganishe. Hakuamuru, madam alisema. Aliomba. Mwalimu huyo ni Mfipa, na Wafipa na sisi hatukosi maneno ya kutaniana, lakini siku hiyo alisema hakuweza kumtania.

Baba aliitwa, akaja kesho yake mchana, suruali imelowa mpaka magotini. Madam alimpa kiti, na baba hakukikalia. Madam alimweleza yote: kwamba huyu anataka hiki na huyu kile, kwamba kila mmoja alimwachia mwenzake bila kuambizana, na sasa kila mmoja ameandikwa mahali pa mwenzake. Nilimtazama baba nikisubiri ukali. Mimi nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na maneno yangu yote tayari. Badala yake niliona uso wake unabadilika rangi. Alishika ukingo wa meza.

"Kila mmoja mahali pa mwenzake," alisema.

Madam akasema ndiyo, mzee.

Baba akakaa. Na akiwa amekaa pale, kwenye ofisi yenye chaki na madaftari, mbele ya mwalimu aliyeonana naye mara mbili tu, alisema na yeye alizaliwa pacha.

Niseme wazi: nilikuwa na miaka kumi na sita na sikuwahi kusikia jambo hilo. Si kwa baba, si kwa mama, si kwa shangazi zangu ambao hawana siri hata ya dawa. Nilimgeukia dada yangu na yeye alikuwa ananigeukia. Niliegemea kabati.

Alisimulia kwa ufupi, macho sakafuni. Walikuwa huko kwetu Usukumani, kabla hawajahamia Katavi na mifugo. Serikali ilikuwa inataka kila mtoto aende shule, na babu, kama wafugaji wengi wa wakati ule, aliona akitoa mmoja amemaliza deni. Akatoa kwa utaratibu wa kuzaliwa: wa kwanza kutoka ni mrithi wa zizi, abaki na ng'ombe, wa pili aende akasome. Baba alikuwa wa pili.

"Mwenzangu ndiye aliyetaka shule," baba alisema. "Alikuwa anachora herufi mchangani. Mimi nilikuwa mtu wa ng'ombe. Yeye ng'ombe hawakumsikia."

Masika ya mwaka huo huo mto ulijaa. Kuvusha ndama kwenye mto uliojaa ni kazi ya kujua, na walikuwa wakiifanya pamoja, baba mbele, mwenzake nyuma. Siku hiyo baba alikuwa darasani, na mwenzake alienda mbele. Walipokuja kumwita, mwalimu alimruhusu atoke, na alipofika nyumbani wakamkataza kulia. Kwetu sisi zamani pacha akifa hakukuwa na kilio. Mtu alinyamaza, na aliyebaki alinyamaza zaidi, asije na yeye akaitwa na aliyekufa. Baba hakurudi shule tena. Alirudi kwa ng'ombe, na jambo lile akalifunga ndani yake miaka yote hiyo, na sisi tulipozaliwa wawili akaapa kwamba hatutatenganishwa hata kwa ukuta.

Nilikuwa nimeshamwita mshamba, baba yangu. Nilimwita hivyo Desemba nzima, kwenye mahindi, kwa sauti. Dada yangu, msemaji wetu, alikuwa amekaza mikono kwenye sketi yake. Mimi nilitaka kulia na nikaogopa, sikujua kama inaruhusiwa.

Baba alimuuliza madam, polepole, kama mtu anayekagua jambo ambalo amelibeba siku zote bila kulifungua, kama ana uhakika kwamba huyu ndiye wa dawa na huyu ndiye wa maneno. Madam alisema ana uhakika. Baba akamwambia aandike hivyo. Kisha akasema, si kwetu, wala si kwa mwalimu, "Angeenda yeye." Akainuka, akachukua fimbo yake akatoka mvuani.

Tulipoanza kidato cha tatu Jumatatu iliyofuata, nilikuwa kwenye chumba cha sayansi na dada yangu kwenye cha sanaa, upande wa pili wa uwanja. Katikati ya kipindi cha kwanza darasa likaanza kunong'ona. Niligeuka. Baba alikuwa amesimama dirishani, na shuka lake begani, ananitazama. Alikaa hapo kidogo, kisha akavuka uwanja akasimama kwenye dirisha la dada yangu. Kisha akarudi kwangu. Wavulana walicheka mpaka mwalimu akagonga meza. Mimi sikucheka na sikuona aibu, na kama mnanijua mtashangaa, maana mimi aibu na hasira hukaa chumba kimoja. Mwalimu wa zamu alienda kumwondoa. Madam akamfuata haraka, akamwambia jambo, wakamwacha.

Alivuka uwanja ule siku nzima. Mvua ilikuja ikapita, tope likamfika kwenye vifundo, na hakujikinga. Wakati wa mapumziko tulimpelekea chai, akaishika bila kuinywa, akitutazama mmoja baada ya mwingine. Kengele ya mwisho ilipolia tulitoka, mimi kwa mlango wangu na dada yangu kwa wake, tukamkuta amesimama katikati, ameloa, amechoka kuliko nilivyowahi kumwona akitoka machungani.

Tulitembea naye kurudi Shanwe, mmoja kulia, mmoja kushoto. Dada yangu alijaribu kusimulia alichofundishwa akaacha. Tulipofika njia panda, pale bodaboda za kuelekea Mwese zinapokaa, baba alisimama akaita dereva. Alipanda, akaweka fimbo yake magotini.

"Kesho siji," alisema.